Kansa ya tumbo imefika kwa ubongo: vile ya kupanga imunotherapi na CyberKnife hapa Nairobi bila tarehe kugongana

Mgonjwa wa kansa ya tumbo iliyopanda hadi kwa ubongo hushikwa na madaktari kadhaa kwa mpigo, na kila mmoja anaangalia kipande chake. Kuna onkolojisti wa dawa, huyu ndio anaandika drip. Kuna daktari wa mionzi na nyurosajini, yule wa kupasua ubongo, hawa wanaangalia MRI. Halafu kuna dexa, yaani deksamethasoni, steroidi ya kupunguza uvimbe wa ubongo, ambayo mara nyingi iliandikwa na daktari wa kasualti usiku ule mgonjwa aliletwa akitapika na kichwa kinapasuka, na tangu hapo hakuna mtu ameuliza habari yake, inamezwa tu. Mimi ni nesi, nafanya kwa wodi ya kemo ya mchana hapa Nairobi, na naweza kukuambia mpango wa kuunganisha hizi tiba mbili, imunotherapi (drip ya kuamsha kinga ya mwili) na CyberKnife (mashine ya mionzi ya kulenga uvimbe), huharibiwa sanasana na kalenda. Tarehe za huyu hazijui tarehe za yule. Kwa hivyo hii nimemwandikia yule mtu wa familia ambaye ndio hubeba faili, kwa sababu huyo mtu hukaa kwa kila kliniki na ndio pekee anaweza kuona picha yote.

Kwanza ujue hii hali ni nadra. Kansa ya tumbo hupenda kwenda ini, utando wa tumbo na tezi, na wanaofika kwa ubongo ni chini ya mmoja kwa kila wagonjwa 100. Maana yake ni kwamba utafiti mwingi wa kuunganisha imunotherapi na mionzi ya kulenga umefanywa kwa kansa ya ngozi aina ya melanoma na kansa ya mapafu, sio ya tumbo. Kwa tumbo kuna ripoti za mgonjwa mmoja mmoja na vikundi vidogo. Daktari akikuambia "tunaazima kutoka kwa mapafu" hajakosa kusoma, anakuambia ukweli.

Sasa tuanze kazi.

MRI kabla ya kitu kingine

Kama kile kilichoonyesha uvimbe ni CT skan ya kichwa, hiyo haitoshi. CT hukosa vile vidogo, na hapa vidogo ndio tunataka kuona kwa sababu idadi ndio inaamua. Mnahitaji MRI ya ubongo yenye dawa ya kung'arisha, ile ya gadolinium, na vipande vyembamba vya milimita moja hivi, na kabla ya hiyo dawa watapima figo kwa damu. Mwambie mtu wa MRI wazi kwamba ni ya kupanga mionzi, kwa sababu MRI ya kawaida inaweza kuwa na vipande vinene na daktari wa mionzi ataikataa, mlipe mara mbili. Na muda nao unahesabika, picha ya mwezi uliopita si ya kupangia mionzi ya leo, uvimbe wa ubongo unaweza kukua kwa wiki chache. Wengi wanataka picha ya siku 7 hadi 14 hivi.

Halafu jambo dogo ambalo linasumbua watu kila siku: chukua CD. Sio ripoti peke yake, sio zile filamu kubwa za kuinua juu ya dirisha, CD yenyewe au linki ya picha. Na uijaribu pale pale kaunta kabla uondoke, mwambie kijana aifungue kwa kompyuta yake uone picha zinatembea. Nimeona familia imetoka mbali, imefika kliniki ya mionzi saa mbili asubuhi, CD inawekwa, inalia tu krr krr, kumbe iko tupu. Siku imeisha hivyo.

Kwa hiyo MRI daktari anaangalia vitu vinne. Uvimbe ni ngapi, ukubwa wake, uko wapi, na kama kansa imeshika utando unaofunika ubongo. Hiki cha mwisho ukisikie vizuri, kwa sababu kansa ikiwa imesambaa kwa utando na maji ya uti wa mgongo, mionzi ya kulenga haina pa kulenga, mpango unabadilika kabisa. Wakishuku hivyo wataomba MRI ya mgongo au watoe maji kwa sindano ya mgongo. Kubali wafanye, usione ni kusumbuliwa.

Idadi yenyewe haitishi kama zamani. Zamani ikizidi nne ulipelekwa moja kwa moja mionzi ya ubongo mzima. Mwaka 2014 Wajapani walitoa utafiti wa wagonjwa 1,194 waliopigwa Gamma Knife pekee, mashine nyingine ya mionzi ya kulenga, na wale wenye uvimbe 5 hadi 10 hawakufanya vibaya kuliko wenye 2 hadi 4. Ukubwa ndio shida zaidi. Uvimbe wa sentimita 3 au 4 unaosukuma ubongo, au ulio kwa kisogo na unaziba njia ya maji, huyo kwanza ni wa nyurosajini autoe kwa kisu, kisha shimo lililobaki ndio linapigwa mionzi. Mgonjwa anayesinzia sana na kutapika kila asubuhi asingoje miadi ya kliniki, apelekwe kasualti.

Bloku iko wapi?

Imunotherapi haiandikwi kwa sababu kansa imefika kwa ubongo. Inaandikwa kulingana na kile kiko kwa nyama iliyotolewa wakati wa endoskopi. Kila bayopsi huhifadhiwa kwa kipande cha nta, watu wa lab wanaita bloku, na hiyo bloku unaweza kuiomba ukaibeba hadi lab nyingine. Andika barua, sahihi, pewa bloku, usiiweke kwa dashibodi ya gari kwa jua.

Vipimo ni vitatu na viombwe pamoja. Cha kwanza HER2, protini inayosukuma seli za kansa zikue. Cha pili PD-L1, alama ambayo kansa hutumia kuifunga kinga breki, ambayo kwa tumbo wanaihesabu kama CPS, yaani seli zenye hiyo alama, za kansa na za kinga zikiwekwa pamoja, wanagawa kwa seli za kansa. Cha tatu MMR au MSI, hii inaonyesha kama kansa imeharibika ule mfumo wa kurekebisha DNA. Huyu wa MSI ya juu, yaani ambaye mfumo huo umeharibika, ni mmoja kati ya wachache, lakini ukimpata imunotherapi inamfanyia kazi vizuri sana kuliko wengine wote. Kwa hivyo mtu akikuambia hicho kipimo cha tatu sio lazima, kataa kwa heshima.

CPS ikiwa 5 kwenda juu, ushahidi wa kuongeza nivolumabu, ile ya Opdivo, juu ya kemo ni mzuri. Hiyo ilitoka kwa utafiti unaoitwa CheckMate 649, watu 1,581, ulitolewa 2021. Pembrolizumabu, ile ya Keytruda, nayo ina utafiti wake mkubwa wa tumbo. HER2 ikiwa chanya mpango ni trastuzumabu na kemo, na pembrolizumabu inaongezwa kama PD-L1 iko. Ila ujue hizo tafiti kubwa hazikuchukua watu wenye uvimbe wa ubongo ambao haujatibiwa. Ndio sababu mojawapo ubongo unashughulikiwa kwanza au sambamba, usiachiwe drip peke yake.

Na mkikuta CPS ni sifuri, HER2 hasi, MSI ya kawaida? Hapo mwulize onkolojisti moja kwa moja: kuna faida gani ya kutumia pesa hii kwa imunotherapi? Wakati mwingine jibu la haki ni kwamba haipo, na mionzi ya ubongo na kemo inatosha.

Kwa nini hizi mbili zinawekwa pamoja

Kwa ufupi tu. Seli nyeupe za damu, wale askari wa mwili, huwa wanaiona kansa lakini kansa inawafunga breki. Dawa kama Keytruda na Opdivo zinaachilia hizo breki. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kugundua mambo ya hizi breki. Watu huuliza, dawa itapita vipi kuta za mishipa ya ubongo na tunaambiwa dawa nyingi hazipiti? Dawa hailazimiki kupita yote, askari wakiamshwa huku nje wanaweza kuingia wenyewe. Mionzi nayo ikiua seli za kansa inamwaga vipande vyake nje, na askari wanapata sura ya kutafuta. Hiyo ndio nadharia. Kuna hata visa ambapo uvimbe ambao haukupigwa mionzi ulipungua baada ya ule mwingine kupigwa, lakini hivyo ni visa vya nadra, usikubali kuuziwa kama ahadi. Faida ya uhakika ni ya kawaida zaidi: mionzi inashika kile kilicho kwa ubongo sasa hivi, drip inashughulika na mwili wote.

Mionzi yenyewe

Jina upasuaji wa mionzi linatisha wazee, wanafikiri kichwa kitafunguliwa. Hakuna kisu. Lars Leksell, nyurosajini wa Uswidi, ndio alianzisha hii fikra mwaka 1951, miale mingi myembamba kutoka pande nyingi inakutana kwa nukta moja, kila mwale peke yake ni dhaifu lakini pale zinakutana kansa inachomeka. Hapa kwetu CyberKnife iko KUTRRH, ile hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta upande wa Kahawa West. Ni mkono wa roboti ulioshika mashine ndogo ya mionzi, unazunguka kichwa, na inarekebisha yenyewe mgonjwa akisogea kidogo. LINAC zingine za mjini, zile mashine za kawaida za mionzi, zinaweza kufanya kazi hii kama ziko na programu na fizisisti wake, kwa hivyo uliza, na uliza kabla hamjauza shamba kwenda India. Watu hukimbilia India kwa kitu ambacho kiko basi moja kutoka tao.

Siku ya kwanza ni ya kutengeneza maski. Ni plastiki ya matundu matundu, inalainishwa kwa maji moto, inawekwa usoni, inakauka kwa sura ya mgonjwa. Mwenye kuogopa kufungiwa aseme mapema apewe dawa ya kutuliza. Akivaa meno ya bandia ayavae au ayatoe vile vile siku zote. Mama akitaka kusuka, asuke kabla ya maski na asibadilishe mpaka amalize, kwa sababu nywele zikiongezeka maski haiingii vizuri. Hili la nywele hakuna mtu hukuambia.

Siku ya mionzi analala, hasikii uchungu, inachukua kama nusu saa hadi saa moja na kitu, anarudi nyumbani. Uvimbe mdogo hupigwa mara moja. Dozi za zamani zilizowekwa na watafiti wa Marekani ni Gy 24 (Gy ni kipimo cha mionzi) kwa uvimbe usiozidi sentimita 2, Gy 18 kwa unaofika 3, na Gy 15 kwa unaofika 4. Mkubwa siku hizi mara nyingi hugawanywa, kwa mfano Gy 27 kwa mara 3 au Gy 30 kwa mara 5, ubongo ulio karibu usiumie. Mkiambiwa siku tano msifikiri ugonjwa umezidi, ni ukubwa wa uvimbe tu.

Kuhusu mionzi ya ubongo mzima, ile ya Gy 30 kwa siku 10: bado ina kazi yake, uvimbe ukiwa mwingi sana au umeshika utando. Lakini inachosha na inagusa kumbukumbu. Utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha wale waliopata ya kulenga pekee akili zao zilibaki vizuri kuliko walioongezewa ubongo mzima, na kuongezewa hakukuwapa maisha marefu zaidi. Mkipewa ya ubongo mzima kwa uvimbe wawili watatu wadogo, uliza kwa nini.

Tarehe, hapa ndio kuna kazi

Chukua karatasi moja. Moja tu, sio daftari. Andika juu tarehe ya MRI, chini tarehe ya maski, tarehe za mionzi, tarehe za drip, na pembeni andika dexa ni miligramu ngapi kila siku na ilibadilishwa lini. Hiyo karatasi onyesha kila daktari kabla hajaandika kitu. Ukiwa na WhatsApp ya familia ipige picha uweke, mtu asiende kliniki akisema "sijui, ndugu yangu ndio anajua".

Nani aanze? Mgonjwa mwenye dalili, yaani kichwa kuuma, kutembea kama mlevi, degedege, mkono kulegea, ubongo unatangulia na drip inafuata. Asiye na dalili, na uvimbe ni mdogo, hizo mbili zinaweza kwenda karibu karibu. Kwa data ya melanoma na mapafu, waliopata hizo mbili ndani ya wiki nne hivi walionekana kufanya vizuri kuliko walioachanisha kwa miezi, ingawa tafiti zenyewe ni za kuangalia nyuma, hazikugawanya wagonjwa kwa kura. Kwa hivyo usikubali kwa urahisi mtu akikuambia ngoja miezi miwili mionzi ikauke ndipo uanze dawa. Pia hamna haja ya kuogopa drip ya imunotherapi na mionzi zikifuatana kwa wiki moja. Hizo dawa hukaa mwilini kwa wiki nyingi, kuruka dozi moja hakuitoi damuni.

Ratiba ya kawaida ya pembrolizumabu ni mg 200 kila wiki 3 au mg 400 kila wiki 6, na nivolumabu ni mg 240 kila wiki 2, mg 360 kila wiki 3 au mg 480 kila wiki 4. Ukiona ile ya wiki 6 mionzi inaingia katikati bila shida. Kemo ndio ya kuuliza, madaktari wengi hawapendi ipigwe siku moja na mionzi ya ubongo. Dawa za kukata mishipa ya uvimbe kama ramucirumabu, na dawa za kufanya damu iwe nyepesi, zitajwe kwa sauti kwa kliniki ya mionzi kwa sababu ya kuvuja damu. Na zile za HER2 zilizobeba kemo ndani yake, trastuzumabu deruxtecani na wenzake, usizichanganye na mionzi kabla onkolojisti na daktari wa mionzi hawajaongea, kwa simu, wao wawili, sio kupitia kwako.

Dawa mkinunua nje ya hospitali, mnaibeba kwa baridi, digrii 2 hadi 8. Kuli boksi na ice pack, lakini chupa isiguse barafu moja kwa moja, ikiganda imeharibika. Usiitikise. Ukikwama kwa jam ya Thika Road saa kumi na moja jioni utajua kwa nini nasema nunueni asubuhi ya siku ya drip.

Dexa

Hapa nitakaa kidogo. Dexa inapunguza maji na uvimbe kwa ubongo, mgonjwa anaamka, anakula, familia inafurahi. Ni dawa nzuri. Lakini inalaza wale wale askari tunaotaka kuwaamsha. Tafiti nyingi za imunotherapi hazikuruhusu mgonjwa anayekunywa zaidi ya prednisoni, steroidi nyingine, mg 10 kwa siku. Dexa mg 1.5 ni sawa na hiyo prednisoni 10. Sasa piga hesabu ya mzee ametoka kasualti na dexa mg 4 mara nne kwa siku, hiyo ni mg 16, ni zaidi ya prednisoni 100. Unamwekea drip ya pesa nyingi hivyo kisha unaipiga breki mwenyewe.

Usiisimamishe ghafla, tafadhali. Mtu akikaa nayo wiki kadhaa tezi zake za adrenali zimelala, ukiikata leo anaweza kuanguka na presha ikashuka. Swali la kumuuliza daktari ni hili: "Daktari, tunaishusha vipi, na tarehe gani?" Apate ratiba iliyoandikwa, mg 8, mg 4, mg 2, vile ataona. Mionzi ya kulenga inasaidia hapa kwa sababu uvimbe ukishughulikiwa dexa inaweza kushuka haraka, na ndio sababu nyingine ya kuiweka karibu na drip. Asiye na dalili mara nyingi hata haihitaji.

Ipewe asubuhi na chakula, ya jioni inamfanya akeshe akipanga vyombo. Sukari ipimwe, hata kama hana kisukari. Mdomo ukiwa mweupe ni ukungu, sema. Na kwa mtu wa kansa ya tumbo dawa ya kulinda tumbo ni lazima izungumziwe, maana dexa na tumbo lenye kidonda haziendi.

Kuna kitu kinachanganya watu: imunotherapi ikileta madhara makali, dawa ya kutibu hayo madhara ni steroidi hiyo hiyo, tena kwa dozi kubwa. Hapo msikatae ati "tuliambiwa steroidi ni mbaya". Hiyo ni kuokoa maisha.

Kabla ya drip ya kwanza

Vipimo vya msingi ni ini, figo, sukari, thairoidi, kortisoli ya asubuhi, hepatitisi B, HIV. Mwenye HIV anayekunywa ARV vizuri hazuiliwi. TB ndio mimi huiuliza mara mbili, hii ni Kenya, kukohoa kwa muda mrefu, jasho la usiku, mtu wa nyumba aliyetibiwa, semeni, kwa sababu TB iliyolala inaweza kuamka kwa hizi dawa. Mwenye lupasi, arthraitisi ya kinga au figo ya kupandikizwa aseme. Miti shamba nayo tajeni yote bila aibu, ini likipanda tunataka kujua ni nini kimelipandisha.

Dawa ya degedege hupewa aliyewahi kupata degedege. Sio kila mwenye uvimbe.

Nyumbani baada ya tiba

Madhara ya imunotherapi hayafanani na ya kemo, na huku kwetu yanafanana na magonjwa tunayoyajua, hapo ndio hatari iko. Kuhara mara nne zaidi ya kawaida kwa siku mtu anasema ni amiba, anaenda kemisti anapewa Flagyl, kumbe ni utumbo umeshambuliwa na kinga yake mwenyewe na kila siku inayopita ni hasara. Kukosa pumzi na kikohozi kikavu kinaitwa homa ya mapafu. Uchovu mkubwa na presha ya chini inaitwa malaria. Pima malaria, sawa, lakini piga simu ya wodi siku hiyo hiyo na useme maneno haya: mgonjwa ako kwa imunotherapi. Andika kwa kadi awe nayo kwa waleti, kwa sababu daktari wa kasualti ya mtaa hawezi kukisia. Na haya yanaweza kuja hata miezi baada ya drip ya mwisho.

Kichwa kuuma nako kuna sababu kadhaa na hazitibiwi sawa. Siku za kwanza baada ya mionzi ubongo unaweza kuvimba kidogo. Wiki kadhaa ndani ya imunotherapi, kichwa pamoja na uchovu mzito na kizunguzungu inaweza kuwa tezi ya pituitari, ile ndogo chini ya ubongo, imevimba, na hiyo inajulikana kwa damu na MRI. Kichwa cha ghafla, kikali kuliko vyote, na mkono kulegea, hiyo ni ambulensi, inaweza kuwa imevuja damu. Panado peke yake nyumbani usiku kucha, hapana.

Pesa na lile swali gumu

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kifurushi cha kansa kilianza na KSh 400,000 kwa familia kwa mwaka, na 150,000 juu yake kutoka ule mfuko wa magonjwa sugu. Viwango vinaguswa mara kwa mara, kwa hivyo nenda dawati la SHA la hospitali mwulize salio lenu leo ni ngapi na idhini ya mionzi na ya drip zinaombwa na nani. Dozi moja ya imunotherapi inaweza kufika mamia ya maelfu, salio linaisha mapema. Ushauri wangu, na sio kila mtu atakubali: pesa ikiwa ya kutosha kitu kimoja, mionzi ya ubongo itangulie, kwa sababu uvimbe wa ubongo ndio utamweka kitandani kwanza. Harambee ya drip ipangwe kwa dozi kadhaa, sio moja. Dozi moja ya kupigia picha haisaidii mtu. Faraja, pale Parklands, wanasaidia wagonjwa wa kansa kwa ushauri na wana mfuko wa matibabu, ulizieni.

Lile swali gumu ni kama inafaa. Kwa wengi wenye kansa ya tumbo kwa ubongo tunaongea miezi, ingawa wako wanaopita hapo, hasa wenye uvimbe mchache, nguvu nzuri, na kansa ya mwilini iliyotulia. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, ini limejaa, hali chakula, anaweza kuumizwa na haya yote kuliko kusaidiwa. Muulizeni mwenyewe anataka nini akiwa bado anaongea vizuri, msingoje. Nairobi Hospice, pale karibu na hospitali kuu ya Kenyatta, KNH, hawako kwa siku ya mwisho pekee, wanaweza kushika uchungu na kutapika wakati mionzi na drip zinaendelea.

MRI zinazofuata

Buku MRI ya miezi miwili kabla hamjatoka kliniki ya mionzi, kisha kila miezi miwili mitatu. Na mjiandae kwa ripoti itakayowashtua. Baada ya mionzi, hasa ikiunganishwa na imunotherapi, pale palipopigwa panaweza kuvimba na kung'aa zaidi kwa picha hata kama kansa imekufa. Wakati mwingine ni askari wamejaa mle ndani, wakati mwingine ni tishu ya ubongo iliyokufa kwa mionzi, na hii huja miezi mingi baadaye, hata mwaka. Kuna tafiti zinazoonyesha inatokea zaidi kwa walio kwa imunotherapi, sanasana wa melanoma. Ripoti itasema uvimbe umeongezeka, na daktari mwenye haraka anaweza kubadilisha dawa siku hiyo.

Msikubali kabla ya MRI ya kupima mtiririko wa damu ndani ya huo uvimbe, au kurudia picha baada ya wiki 6 hadi 8 kama mgonjwa hana dalili. Ikiwa ni tishu iliyokufa, inatibiwa na dexa kwa muda, au bevacizumabu, dawa nyingine ya mishipa ya damu, au mara chache kisu. Hiyo CD ya kwanza kabisa, ile mlijaribu kaunta, na ile ramani ya mionzi inayoonyesha kila nukta ilipata Gy ngapi, ziombe na uzibebe kila mara. Daktari wa picha akiwa nazo zote mbili mbele yake anasoma tofauti kabisa na akiwa na picha ya leo peke yake.